Gia ya Kupandia na Gia ya Kushukia

Gari linalokokota boti huchaguliwa gia kulingana na mambo mawili: uzito wote unaotembea, yaani gari, trela, boti na vilivyomo, na sura ya barabara iliyo mbele. Mwendo ambao dereva angependa kwenda huja baadaye. Kwenye nchi tambarare kanuni hii inaweza kuvunjwa kwa muda mrefu kabla ya gari kulalamika. Katika kaunti za Embu na Meru gari hulalamika mapema, kwa sababu huko barabara hukaa sawa kwa nadra.

Chanzo ni Mlima Kenya. Mlima huo wenye kimo cha mita 5,199 humwaga mito mingi kuelekea mashariki na kusini-mashariki, na kila mto umejichimbia bonde. Barabara kuu inayotoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru haifuati mabonde hayo, bali huyakata moja baada ya jingine. Hushuka hadi mto Thuci na kupanda tena, hushuka hadi Nithi na kupanda, kisha hushuka hadi Mutonga na kupanda. Mji wa Embu uko kwenye kimo cha mita 1,350 hivi, na Meru umeupita kwa mita mia mbili na kitu tu. Hata hivyo, gari linalosafiri kati ya miji hiyo hupanda na kushuka jumla ya mita nyingi kuliko tofauti hiyo, na kila mto huidai injini na breki upya.

Boti nazo zina safari zake. Chini ya Embu, mto Tana umezuiwa na msururu wa mabwawa ya umeme: Kindaruma lililokamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwenye maji hayo kuna wavuvi wa perege na kambale, kuna doria na kuna wageni wanaotembezwa. Bwawa la Masinga likijaa, uso wa maji huwa kwenye kimo cha mita 1,056. Kamburu ni mita 1,006, na Kiambere ni 700. Kwa hiyo boti inayotoka Embu kupitia Kiritiri hushuka mita 350 hivi kabla ya kugusa maji ya Kamburu, na karibu mara mbili ya hapo ikipelekwa Kiambere. Ikirudi kwa fundi, hupanda mita zilezile. Yanayosemwa hapa kuhusu boti yanahusu pia pikapu ya miraa inayotoka Maua, lori la viazi vya Timau, trekta lenye tela la mawe na gari la majani ya chai linaloelekea kiwandani.

Kazi ya gia

Injini ya gari ina kasoro moja ya kimaumbile: haina nguvu kwenye kila mzunguko. Ikizunguka polepole sana, hewa na mafuta yanayoingia kwenye silinda ni machache na nguvu ya kuzungusha ni ndogo. Ikizunguka kwa kasi mno, msuguano huongezeka na silinda hazipati muda wa kujaa. Kati ya pande hizo mbili kuna eneo ambapo injini huvuta vizuri. Kwa injini nyingi za dizeli zenye tabo eneo hilo huanzia karibu mizunguko 1,600 na kufika 2,800 kwa dakika. Injini ya petroli isiyo na tabo hulihitaji eneo la juu zaidi, mara nyingi mizunguko 3,000 hadi 4,500. Giaboksi ndiyo inayoiwezesha injini kubaki hapo huku magurudumu yakienda kwa mwendo wowote ule.

Tuseme kuna pikapu ya dizeli yenye gia tano. Kwenye gia ya kwanza injini huzunguka mara nne kila propela, yaani shafti inayotoka giaboksi kwenda difu, inapozunguka mara moja, kwenye ya pili mara 2.3, kwenye ya tatu mara 1.5, na kwenye ya nne mara moja. Gia ya tano ni ya kuokoa mafuta: injini huzunguka mara 0.85 tu, yaani propela huishinda injini kwa kasi. Baada ya propela, difu hupunguza mzunguko tena kwa mara 4.1. Ikiwa duara la tairi lina urefu wa mita 2.3, pikapu hiyo ikienda kilomita 60 kwa saa, injini itazunguka mara 1,500 hivi kwa dakika kwenye gia ya tano, 1,780 kwenye ya nne, na 2,670 kwenye ya tatu. Ikienda kilomita 40 kwa saa, gia ya nne itaiacha injini kwenye mizunguko 1,190, ya tatu 1,780, na ya pili 2,730.

Kila gia inapopunguza mwendo wa propela, huongeza nguvu ya kuizungusha kwa kiasi hichohicho. Gia ya pili hulisukuma gari kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya gia ya nne, lakini kwa chini ya nusu ya mwendo. Hakuna gia inayompa dereva nguvu na mwendo kwa pamoja, na kuchagua gia ni kuamua kipi kati ya viwili hivyo kinahitajika mahali hapo.

Kupanda

Uzito wa msafara ndio unaoamua gia ya kupandia. Pikapu ya kilo 1,900 inayokokota boti na trela vyenye jumla ya kilo 1,100 ni mzigo wa kilo 3,000. Kwenye mwinuko ambapo gari hupanda mita 8 kwa kila mita 100 za mbele, mzigo huo huvutwa nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 240. Msuguano wa tairi na upinzani wa hewa huongeza kilo 60 hivi gari likienda kilomita 60 kwa saa. Magurudumu basi yanatakiwa kusukuma kwa nguvu ya kilo 300 ili gari lisipungue mwendo.

Injini ya pikapu iliyotajwa, ikiwa na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 250 kwenye kilele chake, hufikisha magurudumuni nguvu ya kilo 220 kwenye gia ya tano, 255 kwenye ya nne na 385 kwenye ya tatu, baada ya kutoa kinachopotea njiani. Hesabu inatoa jibu bila ubishi. Gia ya tano na ya nne haziwezi kuupanda mwinuko huo hata dereva akanyage mafuta hadi mwisho. Gia ya tatu inaweza, na inabakiwa na akiba.

Dereva anayeng'ang'ania gia ya nne huona mwendo ukipungua. Mwendo ukipungua, mizunguko ya injini hushuka pia, na injini huteleza nje ya eneo lake la nguvu. Nguvu ikipungua, mwendo hupungua zaidi. Hapo ndipo injini huanza kunguruma kwa sauti nzito na kutikisika, moshi mweusi hutoka kwenye bomba, na joto la silinda hupanda. Injini inayolazimishwa kwa mizunguko michache huingiziwa mafuta mengi ambayo hayaungui yote. Pampu ya maji na feni inayozungushwa na injini nazo huenda polepole wakati ambapo upoozaji unahitajika zaidi. Geji ya temperecha ikipanda kwenye mlima, mara nyingi tiba ya kwanza ni kushusha gia, kupunguza mwendo na kuiacha injini izunguke kwa wepesi. Joto likiendelea kupanda hata hivyo, gari linahitaji kusimama mahali salama.

Wakati wa kubadilisha una uzito sawa na gia yenyewe. Gia hushushwa mwanzoni mwa mwinuko, gari lingali na mwendo, kabla injini haijachoka. Dereva anayesubiri hadi katikati ya mlima hukanyaga klachi wakati mzigo unavuta kwa nguvu zote. Katika sekunde hiyo moja au mbili gari hupoteza mwendo mwingi, na gia aliyoikusudia huwa haitoshi tena. Akikosa kuiingiza, gari husimama, na kuliondoa tena kwa klachi likiwa na boti nyuma ni njia ya haraka ya kuiunguza klachi hiyo.

Kimo kikubwa huongeza jambo jingine. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pikapu ya petroli iliyozoea Mombasa hufika Embu ikiwa imepungukiwa na zaidi ya moja ya kumi ya nguvu zake. Kwenye barabara ya Meru kwenda Nanyuki, inayopita Timau kwenye kimo kinachozidi mita 2,000, upungufu huo hukaribia au kuzidi moja ya tano. Gia iliyotosha pwani kwenye mwinuko kama huo haitatosha huku, na dereva hushuka gia moja zaidi bila kudhani kwamba injini imeharibika. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na hii ni sababu mojawapo ya dizeli zenye tabo kupendwa na wasafirishaji wa milimani.

Mwendo mdogo nao unapunguza kazi. Kupanda mwinuko uliotajwa kwa kilomita 60 kwa saa huhitaji zaidi ya kilowati 45 magurudumuni, ilhali kwa kilomita 40 huhitaji karibu kilowati 30. Dereva anayekubali kupanda kwa kilomita 40 kwenye gia ya tatu huwa ameiondolea injini theluthi ya kazi, na kwa mlima wa kilomita mbili atakuwa amechelewa dakika moja tu.

Kushuka

Kupanda vibaya hugharimu mafuta na vipuri. Kushuka vibaya hugharimu maisha. Tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria lililokuwa likitoka Meru liliacha barabara kwenye daraja la Nithi, katika Kaunti ya Tharaka Nithi, likatumbukia bondeni takriban mita 40, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Taarifa za mwanzo zilitaja kushindwa kwa breki. Haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Barabara hushuka kwa mteremko mrefu kuelekea darajani na kupinda kwa ghafla, hivi kwamba dereva hudaiwa mwendo mdogo zaidi mahali ambapo gari limejipatia kasi kubwa zaidi.

Mteremko ni suala la joto. Nishati ambayo injini ilitumia kuupandisha mzigo lazima itoke mahali fulani wakati wa kushuka, na breki huitoa kwa kuigeuza kuwa joto. Msafara wa kilo 3,000 unaoshuka mita 350 kutoka Embu hadi Kamburu hutoa nishati ya kuchemsha takribani lita 30 za maji. Sehemu yake humezwa na upinzani wa hewa na tairi, lakini iliyobaki ikiachiwa breki pekee, joto hilo lote huingia kwenye diski na ngoma chache za chuma.

Breki zikipata joto kupita kiasi hushindwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba pedi na laini hupoteza ukwaruzo wake. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi na gari halishikwi, huku harufu ya kuungua ikienea. Ya pili ni kwamba mafuta ya breki huchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hutakiwa kustahimili angalau nyuzijoto 205 kabla ya kuchemka, lakini hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yakishanyonya kiasi fulani kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali huzama hadi sakafuni na breki hazishiki. Gari lililokuwa na breki nzuri asubuhi linaweza kukosa breki kabisa kwenye mteremko mmoja, na baada ya kupoa likaonekana zima tena.

Malori na mabasi yenye breki za upepo yana hatari nyingine ya nyongeza. Kila pedali inapokanyagwa na kuachiwa, upepo fulani hutoka kwenye mitungi. Dereva anayepampu breki mfululizo kwenye mteremko mrefu anaweza kuumaliza upepo haraka kuliko kompresa inavyoweza kuujaza.

Gia ya chini huichukua kazi hiyo kutoka kwa breki. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini hukataa kuzungushwa, kwa sababu ya msuguano wake na kwa sababu ya kufyonza na kubana hewa, na ukataaji huo hulishika gari. Joto linalotokea hutoka kwa rejeta na bomba la moshi, ambavyo vimeundwa kwa kazi hiyo. Kadiri gia inavyokuwa ya chini, ndivyo injini inavyozungushwa zaidi na ndivyo inavyoshika zaidi. Kwa kilomita 40 kwa saa, pikapu ya mfano wetu huzungusha injini mara 1,190 kwenye gia ya nne, na hapo haishikwi kwa lolote la maana. Kwenye gia ya pili huizungusha mara 2,730, na breki hubaki na kazi ya kurekebisha tu.

Injini ya petroli hushika vizuri kwa sababu mlango wake wa hewa hufungwa mguu unapoondolewa. Dizeli nyingi hazina kizuizi hicho, kwa hiyo hushika kwa udhaifu kiasi na huhitaji gia ya chini zaidi. Ndiyo maana malori mengi ya dizeli yana kifaa kinachoziba bomba la moshi wakati wa kushuka ili injini ikatae zaidi. Kifaa hicho nacho hufanya kazi vizuri injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, hivyo bado kinaitegemea gia iliyochaguliwa.

Madereva wa zamani wana kanuni isemayo kwamba mlima hushukwa kwa gia iliyoupanda. Ni mwanzo mzuri, ila magari ya siku hizi yana nguvu nyingi za kupandia bila kuongezewa nguvu ya kushikia. Pikapu yenye tabo inaweza kuupanda mlima kwa gia ya nne, na ikishuka kwa gia hiyohiyo itakimbia. Kwa gari lenye trela ni salama kushuka kwa gia moja chini ya ile iliyopandia, kisha kuangalia: ikiwa breki zinahitajika mara kwa mara ili kudhibiti mwendo, gia iko juu mno. Gia inayofaa huliacha gari lishuke kwa mwendo karibu usiobadilika, na breki hukanyagwa kwa uthabiti kwa muda mfupi, mwendo ukapunguzwa, kisha huachiwa zipoe.

Gia hiyo huingizwa juu, kabla ya mteremko kuanza. Gari likishashika kasi, kuingiza gia ya pili kunaweza kuizungusha injini kupita kikomo chake au kukataliwa na giaboksi. Dereva aliyekanyaga klachi na kukosa gia mpya hubaki hana hata ile ya zamani, na sasa ana breki peke yake. Injini ikipiga kelele kwenye gia ya chini bila mshale kufika eneo jekundu la geji ya mizunguko, haidhuriki.

Kushuka fri, yaani kuitoa gia ili gari lijiendee lenyewe, kunaaminika kuokoa mafuta. Katika magari yenye mfumo wa mafuta unaodhibitiwa na kompyuta hali ni kinyume. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa, kompyuta hukata mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu yanaizungusha injini bila gharama. Likiwa fri, mafuta lazima yaendelee kuingia ili injini isizimike. Kwa hiyo dereva anayeshuka fri hutumia mafuta zaidi na hupoteza msaada wote wa injini. Akizima na injini pia, hupoteza msaada wa breki na wa usukani.

Trela huleta mambo yake. Nyingi za boti hutumia breki za msukumo: gari likipunguza mwendo, trela huisukuma ndoano, na msukumo huo ndio unaobana breki zake. Kwenye mteremko mrefu unaoshukwa kwa gia, trela husukuma wakati wote, na breki zake zinaweza kuwa zinabana polepole kilomita baada ya kilomita. Ni vyema kusimama njiani mahali tambarare na kuhisi joto la vikombe vya magurudumu kwa kusogeza mkono karibu bila kugusa. Uzito unaobonyeza ndoano pia ni muhimu, na kiasi cha asilimia 10 ya uzito wa trela huifaa misafara mingi. Boti ambayo injini yake nzito inaning'inia nyuma huweza kuinyanyua ndoano. Trela ya namna hiyo huyumba huku na huku, hasa kwenye mteremko wenye mwendo mkubwa. Kuyumba kukianza, dawa ni kuondoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lipungue kwenye gia huku usukani ukishikwa sawa.

Gari otomatiki

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya kutoka Japani ni ya otomatiki, na madereva wengi huamini kwamba D ni gia ya kila mahali. Giaboksi ya otomatiki huona mwendo na mguu wa dereva, lakini haioni daraja la Nithi likiwa mbele. Kwenye mteremko, mguu ukiondolewa, nyingi hudhani kwamba safari imekuwa nyepesi na kupandisha gia, jambo ambalo ni kinyume cha linalohitajika.

Kwenye magari ya zamani kuna kitufe chenye alama ya O/D. Kikibonyezwa na taa ya O/D OFF kuwaka, gia ya juu kabisa ya kuokoa mafuta hufungwa. Kwa gari linalokokota, taa hiyo iwake kwenye sehemu yote ya milima. Gia ya juu ikiachwa wazi, giaboksi huipanda na kuiacha tena na tena, na kila badiliko huongeza joto. Kwa mteremko wenyewe mpini husogezwa hadi 2 au L, au hadi alama za kujumlisha na kutoa ili dereva ajichagulie gia. Magari mapya yenye hali ya kukokota hufanya sehemu ya kazi hii yenyewe, lakini hata hayo hukubali kuamriwa.

Joto ndilo adui mkuu wa giaboksi ya otomatiki. Kati yake na injini kuna chombo kinachopitisha nguvu kwa mafuta badala ya klachi. Gari likivuta mzigo mzito kwa mwendo mdogo, mafuta hayo husukwasukwa na kupata joto kali. Gia ya chini hupunguza utelezi huo. Kwa anayekokota mara kwa mara, rejeta ya ziada ya mafuta ya giaboksi na kubadilisha mafuta hayo mapema ni gharama ndogo kuliko giaboksi mpya. Magari madogo mengi ya kisasa hutumia mkanda wa chuma badala ya gia, na mengi kati ya hayo hayakuundwa kukokota kitu. Kitabu cha gari ndicho cha kuangaliwa kabla ya kufunga ndoano.

Kwenye ukingo wa maji

Gari linalofika bwawani baada ya mteremko huwa na vikombe vya magurudumu vyenye joto. Trela ikitumbukizwa majini mara moja, hewa iliyo ndani ya vikombe hupoa ghafla na kusinyaa, ikavuta maji ndani ya beringi. Maji yakifukuza grisi, beringi hufa baada ya safari chache. Kusubiri kama nusu saa huku boti ikifunguliwa kamba na kukaguliwa kunaepusha hasara hiyo.

Kurudi nyuma hadi majini hufanywa kwa gia ya rivasi, ambayo kwa magari mengi iko karibu na nguvu ya gia ya kwanza. Gari lenye magurudumu manne ya kuvuta huwekwa kwenye 4L, ambako kila gia hupunguzwa tena kwa karibu mara mbili na nusu. Gari hutambaa bila klachi kuteswa. Trela yenye breki za msukumo hukaguliwa kama ina kifunguo cha kurudia nyuma, kwa kuwa bila hicho breki zinaweza kubana kila gari linapoisukuma.

Kutoa boti majini ndiyo kazi nzito kuliko zote za siku hiyo. Mwinuko ni mkali, mwendo ni sifuri, na maji ya mabwawa ya Tana yanapopungua wakati wa kiangazi, ukingo hubaki na tope. Gia ya kwanza kwenye 4L hutosha kwa ardhi ngumu. Kwenye tope, gia ya pili ya 4L mara nyingi hufaa zaidi, kwa sababu ya kwanza ina nguvu ya kuzungusha tairi bila gari kusogea. Otomatiki huwekwa L na mafuta hukanyagwa polepole. 4L huondolewa gari likishafika kwenye lami kavu, kwani magari mengi ya aina hii hayana difu ya katikati, na ekseli za mbele na nyuma zikifungwa pamoja kwenye lami hukazana hadi kuvunja vipuri.

Gari likisimama kwenye ukingo huku watu wakifunga boti, hendibreki huvutwa kwanza, injini huzimwa, kisha gia ya kwanza huingizwa, kwa kuwa gari limeelekea juu. Kwa otomatiki, hendibreki hushika uzito kabla ya mpini kupelekwa P, la sivyo kijino kidogo ndani ya giaboksi hubeba msafara wote. Mawe au vigingi huwekwa nyuma ya magurudumu.

Kikomo cha gia

Gia iliyo sahihi haiwezi kusahihisha gari lisilofaa. Kila gari lina kikomo cha uzito wa kukokota kilichowekwa na mtengenezaji, na kwa trela isiyo na breki kikomo hicho ni kidogo zaidi. Gari linalolazimika kupanda kila mlima kwa gia ya kwanza linaonyesha kwamba mzigo umelizidi. Linalohitaji breki mfululizo hata kwenye gia ya pili wakati wa kushuka linaonyesha jambo hilohilo kwa namna ya hatari zaidi. Hapo linalobaki ni kupunguza mzigo, kutafuta gari kubwa, au kuiwekea trela breki. Mafuta ya breki yaliyobadilishwa kwa wakati, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, rejeta isiyovuja, klachi isiyoteleza na tairi zenye upepo wa kutosha hukamilisha maandalizi. Baada ya hapo safari huendeshwa kwa utaratibu mmoja kwenye kila bonde: kushusha gia na mwendo kabla ya mteremko, kuacha injini ishike, kuvuka daraja, na kuwa kwenye gia ya kupandia kabla ya mwinuko wa upande wa pili kuanza.